Kafe ya ghorofani, Busia: printa inameza karatasi, lakini kuna kijana anayefundisha kusoma

Niseme bei kwanza, maana najua wengi mmekuja kwa hilo. Kozi ya kompyuta ya likizo kwa wanafunzi ni shilingi 60,000 kwa wiki tatu, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Ukiingia kama mteja wa kupita, saa moja ya kompyuta ni 2,000, kuprinti ukurasa mmoja 300, wa rangi 1,000. Wanapokea shilingi za Kenya pia, ila kwa kiwango wanachokijua wao, nacho ni wizi wa mchana kweupe. Lipa kwa za Uganda.

Jina la mahali sitaliandika. Nilimwambia mwenye nayo kwamba nitaeleza mazuri na mabaya, akacheka akasema, "Mzee, andika yote, jina tu uniachie." Nimekubali. Wa Busia mtaijua: upande wetu wa Uganda, juu ya duka la mabati, ngazi za chuma zilizo nje na zinazolia ukizipanda. Ndani kuna kompyuta 11, ingawa siku niliyohesabu zilizokuwa zinawaka ni 9. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka ikipenda, na dirisha kubwa linalotazama foleni ya malori. Kwenye kibodi karibu zote herufi A imefutika, maana hapa watu wanataipu Kiswahili, Kiluganda na Kisamia, na lugha zote hizo zinaitafuna A kama mchwa.

Mimi ni wakala wa forodha, mwaka wa 17 sasa. Nilianza enzi za karatasi, nakala kwa nakala, mihuri, na kijana wa kukimbiza faili. Siku hizi kila kitu kinapita kwenye skrini, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi mwaka 2018, lori linasimama mara moja tu, upande linakoingia. Kazi imekuwa nyepesi kwa miguu, nzito kwa macho. Mwaka juzi niliingiza msimbo wa bidhaa wa mabeseni ya plastiki, tarakimu moja nikaikosea. Mfumo haukulalamika, kwa sababu namba niliyoiandika ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya bidhaa nyingine. Maelezo ya bidhaa hiyo yalikuwa pale pale pembeni yananitazama. Sikuyasoma. Lori likalala egeshoni siku mbili, mteja akapandisha sauti, na gharama ikatoka mfukoni mwangu.

Ndiyo maana mtu akiniambia mwanawe "anajua kompyuta" huwa naguna tu. Hata mimi naijua kompyuta.

Binti yangu yuko S.3, yaani kidato cha tatu, shule ya bweni. Covid ilimkuta P.6, darasa la sita. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikurudi kwa wote mpaka Januari 2022, kwa hiyo huyu ni mtoto aliyesomea redioni na kwenye simu ya mama yake. Nilikuwa najidanganya kwamba miaka ile angalau ilimwachia ujuzi wa mitandao. Vidole vyake vina mbio kuliko vyangu, hilo nakiri. Macho ndiyo yanaruka. Anafungua ukurasa, anashuka nao kama mtu anayekimbia mvua, anakopi, anabandika, amemaliza. Na mtaala mpya ulioanza 2020 unawataka wafanye miradi, ambapo kazi hizo za shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya S.4. Shule yao hairuhusu simu. Basi kila likizo ni kukimbilia kafe.

Likizo ya Agosti mwaka 2025 alirudi na mradi kuhusu maji na umeme wa Uganda. Siku mbili tu, ameshamaliza: kurasa 14, picha za rangi, jalada lenye maua. Nikampeleka kuprinti kwenye kafe hii kwa sababu moja tu, ilikuwa karibu na ofisi yangu.

Printa ikameza ukurasa wa tatu. Hili ni jambo la kawaida pale, nimelishuhudia mara nne baadaye. Inavuta karatasi mbili kwa pamoja, inakohoa, halafu taa nyekundu. Kijana wa zamu akafungua mgongo wa ile mashine, akaanza kuivuta karatasi taratibu kama anayemtoa samaki ndoana, na wakati anaivuta akawa anaisoma. Nadhani hakuna aliyekuwa ameisoma karatasi ile kabla yake, binti yangu akiwemo.

"Dada, hii umeandika wewe?"

"Nimeitoa Google."

"Google ni soko. Nakuuliza muuzaji ni nani."

Binti akanitazama mimi. Mimi nikatazama malori.

Kijana akamkalisha, akaufungua ule ukurasa wenyewe kwenye skrini, akausukuma mpaka chini kabisa, huko ambako hakuna anayefika, akagusa kwa ncha ya kalamu mstari mdogo wa kijivu. 2006.

"Mwaka 2006 wewe ulikuwa wapi?"

"Sijazaliwa."

"Na bwawa la Bujagali?"

Kimya.

"Nalo lilikuwa halijazaliwa."

Karatasi ya binti yangu ilikuwa inasema kwamba bwawa kubwa kuliko yote Uganda ni Owen Falls pale Jinja. Mwandishi wa 2006 hakuwa mwongo, aliandika ya wakati wake. Lakini Bujagali lilianza kazi 2012 na megawati zake 250, Isimba likafuata 2019 na 183, halafu Karuma lenye megawati 600 likazinduliwa rasmi Septemba 2024. Lile la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, siku hizi hata jina si hilo, linaitwa Nalubaale, na lina megawati 180. Binti yangu alikuwa anaenda kuwaambia walimu wake habari iliyoandikwa kabla hajazaliwa, kwa maandishi ya rangi, na maua kwenye jalada.

Na hapo hapo, kama mtu ameagiza, umeme ukakatika. Megawati 600 zipo Karuma, sisi tuko gizani Busia tukisikiliza mtu akivuta kamba ya jenereta. Yule kijana akacheka peke yake kwenye kiza, akasema, "Sasa ukitaka mradi, dada, andika hili. Umeme upo, kwa nini haufiki?"

Niliilipa kozi siku ile ile.

Kijana mwenyewe alisomea ukutubi Makerere, akakosa kazi ya maktaba, akaishia kwenye printa inayomeza karatasi. Watoto wanamwita Mwalimu. Anafundisha siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hizo ndizo siku za thamani. Jumanne na Alhamisi zamu inashikwa na kijana mwingine, mpole tu, ila kufundisha kwake ni kuwawekea watoto mchezo wa kutaipu herufi zinazodondoka, kisha yeye anaendelea na kadi zake za harusi. Kwa hiyo kwa hesabu yangu unalipia wiki tatu, unapata siku tisa. Mwenye kafe nilipomweleza hesabu hiyo alisema kadi za harusi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Sikuwa na la kumjibu.

Nilikaa kwenye masomo kadhaa, nyuma kabisa, nikijifanya nasubiri mteja. Nieleze mawili niliyoyaona.

La kwanza. Kulikuwa na mvulana wa S.1 kutoka Marachi, mtaa wa hapa hapa mjini, aliyepewa kazi ya kuelezea mji wake. Aliiomba akili unde (AI) ya kwenye simu imwandikie. Ikamwandikia vizuri sana, sentensi zimenyooka, aya zimepangwa. Mstari wa pili ukasema mji wa Busia uko kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, ambapo wakazi hufurahia upepo mwanana wa ziwa.

Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia asimame, aende dirishani. "Niambie unaona nini."

"Malori."

"Na nini?"

"Mabati. Na kule Kenya."

"Ziwa liko wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mvulana naye akacheka, akasema, "Ziwa mpaka upande gari uende Majanji." Mimi nilidhani somo limeishia hapo. Kumbe bado. Mwalimu akachukua ile karatasi, akasema, "Hili la ziwa umelikamata kwa sababu unaishi hapa. Sasa ungekuwa umeulizwa habari za Moroto, ambako hujafika, dirisha lako lingekuwa lipi?" Wakatumia saa nzima kutafuta "madirisha" ya sentensi zilizobaki: nani mwingine amesema hivi, je, amesema mwenyewe au amekopi kwa wa kwanza, aliandika lini, anauza nini. Kati ya sentensi 12, 5 zilisimama. Mvulana akaanza upya, safari hii kwa kumpigia simu babu yake aliyekuwa akivusha watu mpakani kwa baiskeli, hao wa mwanzo kabisa waliolipatia neno boda boda maana yake. Hakuna akili unde iliyokuwa na babu yule.

Sipingi teknolojia, msinielewe vibaya. Mimi mwenyewe huitumia kuandikia wateja barua za Kiingereza cha heshima. Ila naisoma kabla ya kuituma, tangu siku ya mabeseni.

La pili ni la Kiswahili chenyewe, nalo liliniuma zaidi. Kwa mtaala huu Kiswahili ni lazima S.1 na S.2, na tangu Julai 2022 baraza la mawaziri limeidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kuanzia msingi. Sawa. Sasa mpe mtoto kompyuta aandike insha ya Kiswahili. Msichana mmoja wa S.2 alikuwa anaandika kuhusu safari ya kwenda kwa nyanya yake, na kila neno lilikuwa na mstari mwekundu chini yake, ukurasa mzima kama umechanjwa kwa wembe. Akawa anafuta. Aliandika "shamba," akaona wekundu, akafuta. Akaliandika tena, akafuta tena. Aliandika "kama," mashine ikampendekezea "karma," naye akaikubali, maana mashine si inajua? Nilikuwa nimeketi nyuma yake nikishuhudia mtoto anafunzwa na kompyuta kwamba lugha yake ni makosa.

Mwalimu alipofika akaichagua insha yote, akaenda kwenye orodha ya lugha, akaibadilisha kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Wekundu wote ukatoweka, isipokuwa mstari mmoja. Chini ya "nimefulahi."

"Hapo," akasema, "mashine imekushinda kwa haki." Sisi wa Uganda tunajuana na hizo R na L zetu.

Halafu akamwomba asome insha kwa sauti. Msichana akasoma mpaka "tulikwenda kura wali," wenzake wakaanza kugongana viwiko. Hapo hapakuwa na mstari wowote. Kura ni neno halali, liko kwenye kamusi, mashine haina ugomvi nalo. Nyanya ndiye angeshangaa, wageni wake wamefika kuupigia wali kura. Nilicheka mpaka nikatoka nje, na nikiwa pale kwenye ngazi nikaikumbuka ile tarakimu yangu. Namba halali, bidhaa siyo.

Sasa mabaya, na sitayalainisha.

Baya kubwa ni la paswadi. Siku ya pili kila mtoto alifunguliwa barua pepe, jambo jema. Watoto walikuwa 19 (kwa kompyuta 9, piga hesabu mwenyewe), na paswadi ya wote 19 ilikuwa moja: jina la kafe na 2025 mwishoni. Ilifanywa na kijana wa Jumanne. Niliposikia nilipanda ngazi zile mbili mbili. Katika kazi yangu, akaunti ni mkono wako. Kontena likipita kwa akaunti yangu, limepitishwa na mimi, hata kama nilikuwa nimelala. Mwenye kafe akanijibu, "Watoto husahau, mzee wangu." Wiki haikuisha, mtu akaingia kwenye barua pepe ya msichana mmoja, akamwandikia mvulana maneno ya mapenzi. Kwa watoto ilikuwa mzaha. Kwa yule msichana haikuwa mzaha, hakurudi kozini siku tatu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo Uganda tangu 2019, na kwa kawaida taarifa za mtoto haziguswi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mimi sikuombwa idhini, wala mzazi mwingine niliyemuuliza. Ijumaa ile Mwalimu aliwabadilishia wote paswadi, mmoja mmoja, wengine wakageuka nyuma wakitazama ukuta. Lakini lilikuwa lifanyike siku ya kwanza. Ukimpeleka mwanao, kwa hili tu, simama naye mpaka aweke yake.

Baya la pili ni flashi. Kompyuta zile zina virusi kama mto una mbu. Flashi ya binti yangu ilirudi nyumbani na mafaili yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka, tukayaokoa kwa fundi kwa 10,000.

Na cheti. Siku ya mwisho kila mtoto alipewa cheti kinachong'aa, hata yule aliyefika siku nne. Juu kabisa kuna nembo ya kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani. Nikamuuliza mwenye kafe kama ana uhusiano na kampuni ile. Akasema nembo ameitoa Google. Nikageuka kumtazama Mwalimu, naye alikuwa ameinama anahangaika na printa ambayo wakati huo haikuwa na tatizo lolote.

Kuhusu bando na kasi ya intaneti sina mengi. Ni ya wastani, asubuhi afadhali. Tumezoea kulipia hewa nchi hii: 2018 ilikuwa shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp, na kuanzia Julai 2021 ni asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Facebook imefungwa tangu Januari 2021, na kila mtoto wa darasa lile anajua kuzunguka kizuizi hicho kwa VPN, zile programu za kuficha ulipo mtandaoni. Hilo halina mwalimu wala kozi. Nilimsikia Mwalimu akiwauliza swali moja tu kuhusu hizo VPN za bure, "Mwenye nayo anakula nini?" Hakuwapa jibu.

Swali hilo lilirudi tarehe 8 Septemba. Ni siku ya kimataifa ya kusoma na kuandika, UNESCO huiadhimisha kila mwaka, na mwaka 2025 waliilenga kwenye zama hizi za kidijitali. Ilikuwa Jumatatu, umeme upo, jenereta imepumzika, intaneti inapepea, yaani siku adimu. Mwalimu akazima kompyuta zote. Aliwaambia watoto waje na simu za wazazi, na mimi nikaitoa yangu. Tukafungua sehemu ya ruhusa. Simu yangu ilikuwa na programu ya tochi niliyoipakua zamani, kabla sijajua simu ina tochi yake. Binti yangu akasoma kwa sauti vitu inavyoruhusiwa kugusa: kamera, sawa. Mahali nilipo. Maikrofoni. Orodha ya majina.

"Baba, tochi inataka namba ya shangazi ya nini?"

Miaka minne nilikuwa nabofya KUBALI bila kusoma. Wakala wa forodha mzima, ninayewafokea wateja kwa kutosoma ankara zao.

Kama bado unajiuliza 60,000 zilinunua nini, nina hadithi ya shemeji yangu. Anauza mukene, yaani dagaa, sokoni, na kozi ilipoisha binti yangu alikuwa naye pale akimsaidia kufunga. Simu ikalia ujumbe: umepokea shilingi 350,000. Kabla hajamaliza kupangusa mikono, simu ikapigwa. Mwanamume analia. Mama, nimekosea namba, hizo ni za hospitali, mtoto wangu yuko chumba cha upasuaji, nirudishie haraka. Shemeji ni mtu wa huruma na kusoma kwake ni kwa shida. Alishaanza kufungua simu. Binti akasema, "Mama mdogo, ngoja kidogo." Akausoma ule ujumbe polepole. Ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida, 07 na kuendelea, si kwa lile jina ambalo ujumbe wa pesa huja nalo siku zote. Akapiga *165#. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi. Akaichukua simu, akamwambia yule mtu kwa adabu kabisa, "Pole sana na mgonjwa. Tumeangalia salio, pesa haijafika. Uliandika ujumbe huu ukiwa wapi?" Simu ikakatwa.

Kesho yake shemeji alimletea karatasi nyingine, fomu ya wafanyabiashara wadogo wanaovusha mahindi na maharage, ile ya mzigo usiozidi dola 2,000. Kuna watu pale mpakani huwatoza akina mama 5,000 kuwajazia fomu ambayo ni ya bure. Walikaa nayo jioni nzima kwenye mkeka. Mimi ndiye mwenye taaluma hapo nyumbani, na hakuna aliyeniita.

Mradi wa binti yangu? Aliuandika upya, kurasa 6, jedwali la mabwawa kalichora kwa rula, na ukurasa mmoja kuhusu kwa nini nyaya hazifikishi umeme unaozalishwa. Chini ya kila taarifa kaweka ilipotoka na mwaka. Shuleni akapata alama chini ya rafiki yake aliyewasilisha kurasa 16 za rangi, na maoni yaliyoandikwa pembeni yalikuwa "ongeza picha." Nilitaka kwenda huko kuongea na mtu. Mama yake akanizuia, akasema nitamharibia mtoto. Bado sijaamua.

Nyota basi. Kama kafe, mbili: printa, virusi, viti vinavyouma. Kama darasa la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nne na nusu. Uliza kwanza kama yule kijana wa ukutubi bado yuko; akiondoka, sahau yote niliyosema, ubaki na kadi za harusi. Nenda na flashi mpya, usiilete nyumbani kabla haijakaguliwa. Roleksi ya chini ya ngazi, chapati iliyoviringishiwa mayai, ni nzuri, ya mayai mawili, mwambie apunguze chumvi.

Nilipomaliza kuandika haya nilimpa binti yangu ayapitie. Alisoma yote, polepole, akanirekebishia mahali pawili, akarudi juu kwenye aya ya kwanza.

"Baba, hii bei ni ya lini?"

Nikapanda ngazi kwenda kuuliza. Kozi ya Desemba ni 75,000.